Kabla Hujalipia Uso: Vidokezo kwa Mwenye Madoa na Makovu ya Chunusi

Chunusi zikiondoka huacha risiti usoni. Wengine huachiwa vidoa vyeusi, wengine vishimo kama ukuta wa udongo uliopigwa na mvua ya mawe. Hapo ndipo washauri hujitokeza: jirani ana sabuni, saluni ina fesho, na TikTok ina daktari asiye na jina. Sisi wa Chekalini, kaunti ya Kakamega, tuna shida moja zaidi. Daktari wa ngozi hakai hapa sokoni, lazima upande matatu umfuate mjini, na nauli ikishatoka mtu huona haya kurudi nyumbani bila kufanyiwa kitu. Soma haya kabla hujapanda.

1. Jua kama ni doa au ni kovu

Asubuhi simama mlangoni na kioo, shavu likielekea mwangani, upapase kwa kidole. Ngozi ikiwa tambarare na kilichobadilika ni rangi tu, hilo ni doa. Ngozi nyeusi ikivimba au ikiungua humwaga rangi ya ziada pale pale. Rangi hiyo hukaa miezi, pengine hata zaidi ya mwaka, kisha hufifia ukiacha kuichokoza.

Kidole kikizama, hicho ni kishimo. Ngozi imepoteza nyama yake ya ndani, na hakuna krimu ya dukani itakayoijaza. Sasa ivute taratibu kwa vidole viwili. Bonde pana linalopotea ukivuta ndilo huitikia tiba vizuri zaidi. Kitundu chembamba chenye kina, kama kilichodungwa na mwiba, hubaki pale pale hata ukivuta.

Ukigusa kitu kigumu kilichoinuka, hasa kwenye taya, kifua au mabega, huenda ni keloidi. Hiyo usimruhusu mtu yeyote aikwangue wala aichome, kwa sababu ikiumizwa hukua.

Dakika tano za mlangoni zinaweza kukuokolea maelfu. Nimeona watu wakilipia mashine ya vishimo ilhali walikuwa na madoa matupu.

2. Zima chunusi kwanza

Nyumba ikiwa bado inaungua, fundi wa rangi anakuja kufanya nini? Kama kila wiki unaota chunusi mpya, tibu hizo kwanza. Benzoili peroksaidi na adapaleni ni dawa za kawaida, na kuna nyingine za kumeza kwa wenye chunusi kali. Dada zangu, moja ya hizo za kumeza, isotretinoini, hulemaza mtoto tumboni. Kama una mimba au unapanga kushika, mwambie daktari kabla hajaandika chochote.

Na mikono iondoke usoni. Kutumbua ndiko kunakogeuza chunusi ya wiki moja kuwa kovu la maisha.

3. Kofia ni tiba

Tuko karibu na ikweta, na jua la hapa halipumziki hata mawingu yakitanda. Ukipaka dawa ya madoa usiku kisha ukashinda kwenye palizi ya mahindi bila kofia, unachota maji kwa pakacha. Vaa kofia yenye ukingo mpana. Losheni ya kukinga jua iwe na herufi SPF na namba 30 au zaidi, na uipake upya ukishatoka jasho. Ile yenye rangi ya kahawia ni bora kwetu: madini ya chuma yaliyomo huzuia hata mwanga wa kawaida unaokoleza madoa, tena haikuachi kama uliyejipangusia unga wa ugali.

4. Mkorogo hapana

Najua utaambiwa ni "ya kung'arisha tu". Sabuni zenye zebaki na krimu zenye haidrokwinoni zilipigwa marufuku kuuzwa kama vipodozi nchini Kenya miaka mingi iliyopita, lakini bado hupenya hadi kwenye meza za sokoni. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni ni dawa ya daktari, ya muda maalumu na kwa kipimo, wala si mafuta ya kujipaka kila siku. Mbaya zaidi kwa mwenye chunusi ni mirija midogo yenye steroidi kali kama klobetasoli. Wiki mbili za mwanzo uso hung'aa na kila mtu hukusifu. Halafu ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, na ukiacha kupaka, chunusi hurudi na jamaa zake wote.

5. Eldoret au Kakamega?

Hospitali kuu ya rufaa ya kaunti yetu iko mjini Kakamega. Lakini kwa mtu wa Chekalini, Eldoret ni karibu zaidi, na huko kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe, uombe barua ya rufaa. Barua huokoa foleni na maelezo.

Usidharau afisa wa kliniki aliyesomea ngozi. Kule Moshi, Tanzania, kuna kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, katika hospitali ya KCMC, ambacho tangu miaka ya 1990 kimekuwa kikifunza maafisa kutoka nchi nyingi za Afrika. Cha kuangalia ni leseni. Majina ya madaktari walioidhinishwa unaweza kuyatafuta kwa simu katika tovuti ya baraza lao, KMPDC. Mwaka 2024 baraza hilo lilifunga kliniki moja ya urembo Nairobi baada ya mteja kufariki kufuatia upasuaji wa kupunguza mafuta. Koti jeupe na vigae vinavyong'aa si leseni.

6. Muulize daktari kuhusu weusi wako

Madaktari hutumia kipimo cha rangi ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1975 na Thomas Fitzpatrick wa Harvard. Mwanzoni kilihusu ngozi nyeupe peke yake. Madaraja yetu, la tano na la sita, yaliongezwa baadaye. Mashine nyingi nazo zina historia kama hiyo. Leza isiyofaa hushambulia rangi ya ngozi yenyewe na kukuachia doa kubwa kuliko ulilokuja nalo. Mpwa wangu alirudi hivyo kutoka kliniki moja ya mjini, shavu lina miraba kama daftari la hesabu. Ilichukua karibu mwaka kufifia.

Basi uliza bila haya: "Umewatibu watu weusi kama mimi wangapi kwa mashine hii? Nionyeshe picha." Kisha omba wajaribu sehemu ndogo chini ya taya, usubiri wiki kadhaa kabla ya kuwapa uso mzima.

7. Kila shida na fundi wake

Madoa hutibiwa kwa krimu na, yakiwa sugu, kwa kuambua ngozi ya juu kwa asidi hafifu kama salisiliki au glikoliki. Mabonde hutibiwa kwa visindano vidogo vinavyoichokoza ngozi ijijaze yenyewe; hivi huifaa ngozi nyeusi kuliko leza nyingi. Bonde likiwa limevutwa kutoka chini, daktari huingiza sindano na kukata zile nyuzi zinazolishika. Vitundu vyembamba hutiwa tone la asidi kali kwa kijiti, kazi ya mkono uliozoea. Keloidi hudungwa steroidi ndani yake, na hapo steroidi ndiyo rafiki.

8. Piga hesabu nzima

Bei ya siku moja ni chambo. Visindano huhitaji mara tatu hadi sita, kila baada ya wiki nne au zaidi. Jumlisha nauli, krimu, losheni ya jua na siku za kukaa bila kazi.

9. Ukiahidiwa uso mpya, inuka uende

Daktari mkweli husema makovu yatapungua. Hasemi yatafutika.

10. Piga picha

Mlango ule ule, saa ile ile, mara moja kwa mwezi. Kioo cha kila siku husahau kilichokuwepo jana. Na kama harusi yako ni Desemba, safari ya kwanza kwa daktari ni Mei, si Novemba.