Kiingereza kidogo: nimepiga au nimepigwa?



Sisi wa Kivu tumezoea Kifaransa shuleni na ofisini. Lakini ripoti nyingi zinazotuhusu zinaandikwa kwa Kiingereza, na ndugu zetu waliovukia Uganda wanakutana nacho kila siku. Leo tujifunze namna ya kusema jambo lililompata mtu, si alilolitenda.

Kwa Kiswahili tunatia "w" mwishoni mwa kitendo: piga, pigwa, choma, chomwa. Kiingereza hakina "w" hiyo. Kinatanguliza "is" au "are" kwa mambo ya sasa, "was" au "were" kwa yaliyopita, "will be" kwa yajayo, kisha kinaweka kitendo katika umbo lake la tatu. Vitendo vingi vinaongezewa "-ed" tu: "register" inakuwa "registered". Vingine ni vya kushika kwa kichwa: "steal" ni "stolen", "give" ni "given". Mtendaji akitajwa, anatanguliwa na "by", kama "par" ya Kifaransa. "Our cows were stolen by armed men": ng'ombe wetu waliibwa na watu wenye silaha.

Kwa "kupewa" lugha yetu inatusaidia kuliko Kifaransa. Tulipewa maharagi ni "We were given beans", moja kwa moja. Kifaransa hakikubali, kinazunguka na kusema "on nous a donné".

Sasa hatari yenyewe. Nimepigwa ni "I have been beaten". Ukisahau "been", umesema "I have beaten", yaani nimepiga. Tumehamishwa ni "We have been displaced". Bila "been", sisi ndio tuliowahamisha wengine. Mbele ya mtu anayeandika ushuhuda wako, kineno hicho kimoja kinamgeuza aliyeumizwa kuwa mwenye kosa. Kitamke pole pole, na akikusomea alichoandika, kisikilize kama kimo.

Angalieni pia moto. "The house burned" ni nyumba iliungua, pengine kwa sababu ya jiko. Kama ilichomwa, sema "The house was burned", na bora zaidi "Somebody burned the house". Mlango una shida kubwa zaidi, maana "The door was broken" inaweza kuwa ulivunjwa au ulikuwa umevunjika tu. Kiswahili kinatenganisha, Kiingereza kinakuachia wewe ueleze.

Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu uhamisho wa ndani, za mwaka 1998, zinapoeleza sisi ni nani zinatumia umbo hilihili: watu ambao "have been forced or obliged" kukimbia. Walilazimishwa. Hawakuchagua safari.

Umbo hili linaweza kumficha mtendaji, na hapo kiongozi atumie akili. Katika mazungumzo kati ya jamii mbili, "Fields were destroyed", mashamba yaliharibiwa, inataja hasara bila kulaumu kabila zima, na kikao kinaendelea. Lakini tangazo likisema "Food will be distributed", nani atagawa, na lini? Ulizeni: "By whom? When?" Na kwa mchunguzi, kama uliona, ongeza "by" na ulichokiona kwa macho: "by four men in uniform". Kama hukuona, ishia kabla ya "by". Usiijaze nafasi hiyo kwa jina la kabila ulilolisikia njiani.

Zoezi la kufanya wawili wawili. Semeni kwa Kiingereza:

Niliandikishwa jana.
Mbuzi wetu wameibwa.
Shule itajengwa na wazazi.
Tulipewa hema moja.

Majibu: "I was registered yesterday." "Our goats have been stolen." "The school will be built by the parents." "We were given one tent."