Motokari ya Zamani Inakunywa Mafuta

Ndugu mfanyakazi, motokari yako imezeeka, na kila juma unaongeza mafuta ya motere. Rafiki anakuambia: «Tia mafuta ya sintetiki, matata yatakwisha.» Ngoja kwanza. Mafuta hayo ni mazuri, yanavumilia joto kali, tena bei yake unaijua. Lakini hayawezi kuponya pete za pistoni zilizokwisha kulika. Mipira ya kuzuia mafuta ikiwa imekauka, yanaweza hata kuvuja zaidi.

Basi, pima. Simamisha motokari mahali pa sawa, zima motere, ngoja dakika 10, ndipo utazame kijiti. Andika kilometa. Ikinywa kupita litri 1 kwa kilometa 1000, nayo inatoa moshi wa buluu, ipeleke kwa fundi kabla ya kununua bidoni. Taa nyekundu ya mafuta ikiwaka njiani kati ya Likasi na Kolwezi, usiseme «tutafika»: simama kando, zima motere.

Mafuta meusi unayoyamwaga yana sumu, na yakizoea ngozi yanaweza kuleta kansa. Nawa kwa sabuni, si kwa esansi. Nawe mama, usikubali yatiwe katika chupa ya mafuta ya kupikia. Mtoto hajui kuyatofautisha.