Dhahabu inayokataa zebaki

*Maabara imeniambia jiwe langu lina dhahabu iliyoshikana na teluri. Nimelisaga, nikatia zebaki, sikupata kitu. Nimetapeliwa? Nilichome? — Mchimbaji mdogo, Chunya*

Ndugu mchimbaji, si lazima uwe umetapeliwa, ila usilichome nyumbani. Zebaki hunasa dhahabu iliyo huru tu. Yako huenda ni kalaveriti (AuTe₂): kila atomu ya dhahabu imezungukwa na sita za teluri, mbili zikiwa karibu zaidi. Atomu hizo hukaa kwa mawimbi yasiyolingana na safu za fuwele, ndiyo maana fuwele za kalaveriti ziliwasumbua wataalamu miaka mingi. Lakini kwa uzito, zaidi ya asilimia 40 ni dhahabu! Kule Kalgoorlie, Australia, inasimuliwa kwamba mawe ya aina hii yalitumika kujazia barabara hadi yalipotambuliwa mwaka 1896.

Moto huifukuza teluri, dhahabu ikabaki. Tatizo ni mvuke wake, ambao ni sumu. Na zebaki uliyokwisha kutia ni hatari zaidi. Kazi hiyo ni ya tanuri linalonasa moshi, kisha sianidi. Peleka sampuli isiyoguswa na zebaki kwa Afisa Madini Mkazi, umwulize mtambo wenye kibali. Ukishavuta moshi huo na pumzi ikanuka kitunguu saumu, nenda hospitali siku hiyohiyo, ueleze ulichochoma.