Video ya serikali ni haki ya asiyesikia na asiyeona

Tuseme zoni ya afya ya Kasongo imesambaza kwa WhatsApp video ya kuokoa watoto wanaoharisha. Muuguzi anashika pakiti ya SRO, ile chumvi ya kuchanganywa na maji kwa anayeharisha, na kusema: "Tia hii humu, koroga namna hii." Mama asiyeona hajui "humu" ni kikombe au chupa. Mama asiyesikia ameiona chupa, ila hakupata neno lenyewe: pakiti moja, lita moja ya maji safi. Maji yakipungua, chumvi inazidi na mtoto anaweza kudhurika. Na mega za kuipakua wamezilipia sawa na jirani.

Hapo usiombe hisani. Katiba ya Kongo (RDC) ya 2006 inampa kila mtu haki ya kupata habari (kifungu cha 24), na kifungu cha 49 kinataka hatua maalum za kuwalinda wenye ulemavu. Mwaka 2015 Kongo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Kifungu chake cha 21 kinataka habari za umma ziwafikie kwa namna wanayoweza kuitumia, kwa wakati, bila malipo ya ziada. Tangu tarehe 3 Mei 2022 tuna pia sheria yetu wenyewe ya kuwalinda, namba 22/003.

Mkataba unaibana serikali. Redio binafsi, kanisa au duka lenye video zake mtandaoni, unataka lihimizwe tu. Kwa hiyo anza na serikali.

Dai maandishi ya Kiswahili yaliyobandikwa ndani ya picha yenyewe. Yakiwa faili la pembeni, hupotea video inapopitishwa simu hadi simu. Kwa asiyeona, njia rahisi ni msemaji kutaja anachofanya: "Ninamimina pakiti yote katika chupa ya lita moja." Kama video imekwisha kurekodiwa, sauti ya maelezo iingizwe pale penye kimya. Na viziwi wengi hawakupata shule. Hao maandishi hayawafai, kwa hiyo dai pia lugha ya ishara. Mkataba unaitambua.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinakuruhusu kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yako au kwa kikundi, na wao wanapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Hakuna anayeweza kukushtaki kwa kufanya hivyo. Taja video, tarehe, aliyeituma na jambo lililokupita. Kama hujui kuandika, mwambie mtu akuandikie, kisha akusomee kabla hujatia dole. Peleka nakala mbili kwa daktari mkuu wa zoni au msimamizi wa teritware, moja irudi kwako na muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, miezi 3 utaihesabu kuanzia wapi?

Wakikaa kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, CNDH, pamoja na nakala hiyo. Video usiifute kwenye simu mpaka jibu lije.