Ukifika Tunisia, fuata mawe

Wageni wengi wakifika Karthago huondoka na swali moja: mji wenyewe uko wapi? Wamekuta mabafu ya Kirumi kando ya bahari, nguzo chache juu ya kilima cha Byrsa, na katikati yake mtaa wa matajiri wenye maua ukutani na magari getini. Mji uliomtoa Hannibal na kuitikisa Roma hauonekani.

Sababu ipo, na ukiijua mapema safari yako yote ya Tunisia itakaa sawa. Kwa mapokeo, Wafoinike waliuanzisha mji huu mwaka 814 kabla ya Kristo. Warumi waliuteketeza mwaka 146 kabla ya Kristo, kisha wakajenga wao hapo hapo. (Ile habari kwamba walimwaga chumvi ardhini isiote kitu haimo katika maandishi yoyote ya kale, ni nyongeza ya watu wa juzi.) Mwaka 698 Waarabu wakauteka, Tunis ikakua jirani, na magofu yakageuka ghala la mawe. Aliyetaka nguzo alikwenda kuichukua. Kwa hiyo Karthago haikupotea. Ilihama, na msafiri mwenye akili huifuata ilikokwenda.

Anza hapo hapo, lakini usipoteze siku tatu. Kutoka kituo cha Tunis Marine panda treni ya TGM, treni kuukuu inayofuata ufuo, ushuke Carthage Hannibal uende kwenye mabafu ya Antoninus. Tiketi moja inaingiza mahali kadhaa palipotawanyika, kwa hiyo usiitupe baada ya geti la kwanza. Jengo lenye ulinzi pembeni ya mabafu ni Ikulu. Kamera usiielekeze huko hata kwa utani. Vituo vichache mbele iko Sidi Bou Said, yenye kuta nyeupe na milango ya buluu. Pazuri, ila nenda asubuhi kabla ya mabasi ya watalii.

Ukirudi Tunis ingia medina, mji wa kale ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 1979 pamoja na Karthago. Mwanahistoria Ibn Khaldun alizaliwa mji huu mwaka 1332. Vichochoro vyake vyote, ukivumilia kupotea, vitakufikisha Zaytuna, msikiti mkuu. Nguzo zilizobeba paa lake nyingi zilitoka Karthago.

Lakini mahali pa kukaa na kutazama ni Kairouan. Jemadari wa Kiarabu, Uqba ibn Nafi, aliuanzisha mji huu mwaka 670, na Msikiti Mkuu unaoonekana leo msingi wake ni ujenzi wa mwaka 836. Humo hakuna nguzo mbili zinazofanana sawasawa. Moja ya marumaru nyeupe, nyingine ya jiwe jekundu. Moja ilikuwa fupi ikainuliwa kwa kitako, nyingine imevikwa kichwa cha nguzo kisichokuwa chake. Mafundi walipokea walicholetewa na bado wakapata mistari iliyonyooka.

Toka nje, uani. Sakafu yake imelazwa kwa mwinamo mdogo, usiotambulika mpaka mvua inyeshe, na maji yote hukimbilia katikati. Hapo pana jiwe la marumaru lililochongwa ngazi ngazi: maji huzunguka humo, taka zikabaki juu, maji safi yakashuka kwenye birika chini ya ua. Kisha inama kwenye mdomo wa kisima. Ukingo umekatwa mifereji mirefu, utadhani imechongwa kwa tindo. Ni kamba tu, zilizovuta ndoo karne baada ya karne. Tia kidole ndani ya mfereji mmoja, kinazama.

Mwislamu anaweza kuingia kusali. Asiye Mwislamu huishia uani na kuchungulia milangoni. Fika asubuhi, na Ijumaa panga mambo mengine. Mwanamke awe na mtandio mkobani, mwanamume asivae kaptura. Ukitoka, nunua makroudh, vitafunio vya semolina vilivyojazwa tende. Nusu kilo haitoshi.

El Jem ni rahisi kufika, kwa kuwa treni ya kwenda Sfax husimama mjini humo. Uwanja wa mapambano wa karne ya 3, ulioweza kuchukua watu hadi 35,000, unazuka ghafla juu ya nyumba za kawaida. Upande mmoja umebomoka: katika karne ya 17 ulivunjwa, na mawe yake yakaenda kujenga mji unaouzunguka. Shuka chini ya uwanja, kwenye njia walimosubirishwa wanyama na wapiganaji. Kipindi cha Agosti usithubutu saa sita mchana.

Dougga, kama kilomita 110 kusini magharibi mwa Tunis, ina kisa cha jiwe lililosafiri mbali zaidi. Kaburi refu la mnara lililoko bondeni lilikuwa na maandishi ya lugha mbili, Kipuniki, lugha ya Karthago, na Kilibya cha kale. Mwaka 1842 balozi mdogo wa Uingereza, Thomas Reade, aliyataka, akabomolesha mnara ili ayapate. Yalisaidia wataalamu kuanza kusoma hati ya Kilibya, ni kweli. Leo yako British Museum, London. Mnara ulijengwa upya mwanzoni mwa karne ya 20, na ukitazama kwa makini utaona haukupona sawasawa.

Anayetaka kuwaona watu wa Karthago wenyewe, bila Warumi juu yao, aende Kerkouane, rasi ya Cap Bon. Mji huu ulihamwa katikati ya karne ya 3 kabla ya Kristo, wala hakuna aliyejenga tena juu yake. Uligunduliwa mwaka 1952. Kuta zimebaki fupi za magotini, lakini nyumba baada ya nyumba ina beseni lake la kuogea, la kukalia, lililosakafiwa kwa lipu nyekundu.

Usafiri wa kati ya miji ni louage, gari la abiria linaloondoka likijaa, kama mazoea ya kwetu. Mstari mwekundu ubavuni ni wa masafa marefu, buluu wa mkoa, njano wa vijijini. Dinari hairuhusiwi kutoka nje ya nchi, basi badilisha kidogo kidogo. Droni iache nyumbani. Na anayekuuzia sarafu ya Kirumi magofuni, mwambie asante upite: kama si bandia, uwanja wa ndege itakuwa kesi.

Ukiwa na siku za ziada, shuka kisiwani Djerba, kilichoorodheshwa na UNESCO mwaka 2023. Waibadhi wa kisiwa hiki ni wa madhehebu moja na wa Oman na masultani wa Zanzibar, na misikiti yao midogo ya chokaa, mingine imechimbwa chini ya ardhi, haina makuu. Unaweza kwenda kwa feri ya Ajim. Kurudi, pita barabara ya El Kantara inayokata bahari: njia hiyo ilijengwa tangu enzi za kale, na malori bado yanapita.