SOMO LA LEO: Haidrojeni Isiyotokana na Gesi Asilia, Inamhusu Vipi Mkulima wa Mahindi?

Mtu akisikia haidrojeni anawaza magari ya Ulaya. Kumbe imo kwenye mfuko wako wa mbolea! Bei ilipopaa mwaka 2022, sababu mojawapo ilikuwa kupanda kwa gesi asilia. Viwanda vingi hutoa haidrojeni humo, huiunganisha na naitrojeni ya hewani, inapatikana amonia. Amonia ndiyo mama wa urea, CAN na DAP.

Piga hesabu: mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Kuikamata hiyo kunahitaji haidrojeni kama kilo 5. Tunaweza kuipata kwingine? Ndiyo.

1. Kutenganisha maji kwa umeme. Upande mmoja hutoka haidrojeni, mwingine oksijeni. Kilo moja ya haidrojeni inakula maji lita 9 na umeme yuniti 50 hadi 55. Kwa mfuko mmoja, hizo ni yuniti 250 na zaidi. Umeme utoke kwenye maporomoko, jua, upepo au jotoardhi. Ukitoka kwenye makaa ya mawe tumerudi palepale. Njia hii siyo ngeni Afrika: kiwanda cha Sable, Kwekwe nchini Zimbabwe, kiliitumia miaka mingi, kikaiacha 2015 nchi ikiwa na upungufu wa umeme.

2. Bayogesi. Methani ya samadi hukutanishwa na mvuke wenye joto kali. Lazima kwanza iondolewe salfa, ile inayonuka yai viza.

3. Mabaki ya mazao. Magunzi au pumba huunguzwa kwa hewa kidogo, zikatoa mchanganyiko wa gesi wenye haidrojeni ndani yake.

Angalizo: urea inahitaji pia kaboni dayoksaidi, na maji hayana. Ndiyo maana Kwekwe walitengeneza amonia naitreti, siyo urea.

Sasa, ukiletewa kimashine cha "kutengeneza mbolea kwa maji" nyumbani, usikimbilie kutoa hela. Kiwandani amonia huhitaji joto la nyuzi 400 na zaidi, na mgandamizo unaozidi ule wa hewa mara mia na zaidi. Haidrojeni nayo hulipuka kirahisi.

Wewe fanya haya:

- Changanya au pokezanisha mahindi na kunde, maharage au mbaazi. Bakteria wa mizizini hutengeneza amonia bila kiwanda. Zikianza kutoa maua, chimbua mche, pasua vinundu: ndani pakiwa pekundu au pinki, kazi inafanyika. Pakiwa peupe au kijani, bado.
- Mwenye mtambo wa bayogesi, gesi pikia, tope lake peleka shambani. Lifunike na ulifukie mapema, maana likiachwa juani amonia inapaa, na hiyo ndiyo mbolea yenyewe.

Tukutane somo lijalo. Shamba njema!