Nyumba Iwe Msikiti: Fundisho la Siku za Kufungiwa

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa wa Korona umekuwa tauni ya ulimwengu mzima. Muda si mrefu serikali za nchi nyingi zikaamuru watu wakae majumbani. Huko Kenya watu walikatazwa kutoka usiku tangu tarehe 27 Machi, na mwezi wa Aprili njia za kuingia na kutoka Nairobi na Mombasa zikafungwa. Misikiti nayo ikafungwa. Wengi waliuliza: Mwislamu akikosa msikiti na kutengwa na jamaa zake, dini yake itasimama wapi? Siku zile zimepita, lakini swali hilo halikupita. Aliyeingia Ahmadiyya peke yake katika ukoo wake hulikabili hata leo.

Kwanza yafaa kufahamu kwamba kujikinga si upungufu wa imani. Hadhrat Umar r.a. alipokuwa safarini kwenda Shamu, alifika mahali paitwapo Sargh akapata habari kwamba tauni imezuka huko. Baada ya kushauriana na masahaba aliazimu kurudi. Hadhrat Abu Ubaida r.a. akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Akajibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu na kwenda katika kadari ya Mungu. Ndipo Hadhrat Abdur Rahman bin Auf r.a. akaeleza kuwa yeye mwenyewe alimsikia Mtume Mtukufu s.a.w. akiagiza kwamba mtu asiingie katika nchi yenye tauni, wala aliyemo asitoke kwa kuikimbia. Hadhrat Umar r.a. akamshukuru Mungu, akarejea.

Pili, nyumba yaweza kuwa mahali pa ibada. Kurani Tukufu yasimulia katika Sura Yunus (10:88, Bismillahi ikihesabiwa kuwa aya ya kwanza) kwamba Wana wa Israeli walipodhulumiwa na Firauni, Mwenyezi Mungu aliwaamuru Nabii Musa na Nabii Harun a.s. wawawekee watu wao nyumba katika Misri, nyumba hizo ziwe kibla, na wasimamishe Sala. Tazameni! Dhiki haikuiondoa Sala, bali iliiingiza nyumbani. Vivyo hivyo, tarehe 27 Machi 2020, Hadhrat Mirza Masroor Ahmad, Khalifatul Masih wa Tano a.t.b.a., alizungumza na Jumuiya kutoka ofisini mwake Islamabad, Tilford, nchini Uingereza, akawahimiza watu wa nyumba moja wasali pamoja kwa jamaa.

Lakini Sala ya nyumbani ina mtihani wake. Msikitini waumini hutuona kwa nusu saa. Nyumbani mke na watoto hutuona mchana kutwa. Kufungiwa kulifichua mengi: baba aliyekuwa mpole barazani akaonekana mkali mezani. Hadhrat Aisha r.a. alipoulizwa Mtume s.a.w. alifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa Sala ulipofika alitoka kwenda kusali. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, aliandika kitabu chake Safina ya Nuhu mwaka 1902, tauni ilipokuwa ikiangamiza watu katika Punjab. Humo alieleza kwamba waliomo ndani ya nyumba yake si wale tu wakaao katika kuta za udongo na matofali, bali wale wanaomfuata kikamilifu. Tena akaonya kwamba asiyewaheshimu wazazi wake, na asiyemtendea mkewe na jamaa za mkewe kwa upole, si katika Jumuiya yake. Basi safina hiyo haipandwi kwa jina tupu.

Tatu, je, vipi kuhusu jamaa waliotukataa kwa sababu ya imani? Hadhrat Asma binti Abu Bakr r.a. alijiwa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, akamwuliza Mtume s.a.w. kama aunge udugu naye. Mtume s.a.w. akamwambia aunge. Pia alifundisha kwamba muunga udugu wa kweli si yule alipaye wema kwa wema, bali yule ambaye akikatwa huunga. Kwa hiyo, ndugu uliyebaiati karibuni, usingoje baba yako atangulie. Mpigie simu, mjulie hali, mtumie chochote cha matumizi ukiweza, wala usianze kwa mabishano. Mzazi mgonjwa aliyefungiwa nyumbani huisahau hoja kali, ila hamsahau mwana aliyemwuliza kama amekula.

Basi tuchague walau Sala moja kila siku ambayo nyumba nzima itasali pamoja. Baada yake isomwe aya chache pamoja na maana yake, kisha watajwe kwa majina jamaa walio mbali na waombewe. Mambo haya hayahitaji mali wala elimu kubwa.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe mahali pa Sala na huruma, na aziunganishe nyoyo zilizotengana. Amin.